Tiketi Mbili Zilizopigwa Pini

Katoro, mchana

Minza mwanangu,

Mwalimu wetu wa darasa la nne alitufundisha kwamba barua huanza kwa salamu, kisha mwandishi aseme yeye ni mzima na hofu yake ni kwa yule anayemwandikia. Tulikuwa tunayaimba maneno hayo bila kuyafikiria. Leo nimekaa juu ya mfuko wa mawe hapa karashani, nimetafuta namna nyingine ya kuanza, sikuipata. Mimi mzima. Mgongo ni uleule. Hofu yote iko kwako.

Umeme umekatika tangu saa nne. Mashine za kusaga mawe zimenyamaza, na ukimya huu ndio umenipa nafasi, maana makarasha yakinguruma sisikii hata ninachofikiri. Wewe umetoka na Mama Neema, mwenye nyumba wangu, kumalizia mambo yenu ya kike. Kesho alfajiri tunaondoka wote kwenda Mwanza, uwanja wa ndege. Nilidhani nitayasema haya jioni tukila, lakini najijua. Jioni nitakuuliza kama umeshiba, nitakuambia ufunge dirisha kuna mbu, na hapo maneno yangu yataishia. Kwa hiyo naandika. Mwandiko unatetemeka kwa sababu ya mikono hii iliyoshika zebaki miaka mingi. Usidhani ni kilio. Kilio nilikimaliza asubuhi.

Sitakuandikia habari za kula, kuvaa, kusali na marafiki wa kuwaepuka. Mama yako alikwisha kukupa hayo kijijini, na bibi yako akaongeza mengine ambayo naamini hata wewe uliona aibu kuyasikia. Mimi nitaandika ninayoyajua, nayo si mengi.

Kwanza ni lile begi.

Juzi uliposhuka kwenye gari kutoka Shinyanga nikakuonyesha begi kubwa nililokununulia hapa sokoni, lenye magurudumu manne, uliligusa tu kwa vidole. Mle ndani nilikuwa nimeshaweka blanketi, na mfuko wa michembe ya viazi ambayo bibi yako aliikata na kuianika kwa mikono yake. Ukaniambia, "Baba, hili begi siendi nalo."

"Kwa nini? Michembe ya bibi yako inakuaibisha?"

"Si hivyo, baba. Begi likiingia tumboni mwa ndege ya kwanza, litashushwa Uarabuni. Lazima nitoke nje nikalichukue, nilipeleke kwa ndege ya pili. Kutoka nje kunataka viza, na mimi viza ya pale sina."

"Si wawaambie wenzao walipokee?"

"Hawana wenzao, baba. Ndiyo maana yake."

Nikakujibu neno baya. Nilisema umeanza kuwa Mzungu kabla hujafika huko. Ulikunja nguo zako ukaziingiza kwenye kile kimkoba cha mgongoni, moja baada ya nyingine, na mfuko mdogo wa michembe ukauweka juu kabisa. Mama Neema alikuwa mlangoni, akaniambia, "Baba Minza, wewe na vyuma mnafanana. Mtoto anakueleza, wewe unanguruma tu." Nisamehe kwa lile neno. Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa nimeshindwa kuelewa kitu kuhusu safari ya mwanangu mwenyewe, na mwanamume akishindwa kuelewa hupandisha sauti. Ukiwa huko, ukiona mtu anakufokea bila sababu, mtazame kwanza kama hajapotea.

Sasa naielewa, au nadhani naielewa. Mama Injinia, yule aliyefanya kazi migodi mikubwa, akaja shuleni kwenu kuzungumza na wasichana na tangu siku hiyo hajauachia mkono wako, alisafirishwa sana kikazi. Kila alipopanda ndege waliandika pointi kwa jina lake. Pointi zikiwa nyingi unapewa kiti bila kulipa nauli. Lakini alipanda ndege za mashirika mawili, pointi zikagawanyika, na hakuna upande uliotosha kukufikisha Ujerumani. Akazitumia zote. Za huku zinakutoa Mwanza hadi Dar, na Dar hadi Uarabuni. Za kule zinakutoa Uarabuni hadi Ujerumani. Alivyo mwema mama yule, hakubakiza hata za kwenda kumsalimia dada yake.

Lakini tiketi ni mbili. Wa kwanza akichelewa, si kosa la wa pili. Wa pili ataondoka, kiti chako kitakuwa wazi, na tiketi yako itakuwa karatasi. Kiti kingine cha pointi kwenye ndege ile kipo baada ya siku tisa, na pointi zenyewe zimekwisha. Chuo cha uuguzi kinataka ufike Jumatatu. Usipofika, nafasi anapewa anayefuata. Yote hayo uliniambia kwa upole, kama unavyomweleza mgonjwa. Ulisema una saa tano pale katikati na zinatosha. Nikasema zinatosha. Nilisema tu, mayu, mama yangu. Mimi nitajuaje?

Ile siku uliponitumia tiketi kwenye simu, nilikwenda kwa dada wa stationari pale barabarani anitolee kwenye karatasi. Zikatoka mbili. Nikamwambia, "Dada, zipige pini ziwe kitu kimoja."

"Mzee, hizi ni safari mbili. Kila moja ina namba yake."

"Msafiri si mmoja?"

"Msafiri mmoja, tiketi mbili. Pini haiunganishi ndege, baba yangu."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mchimbaji mmoja mwenye tope hadi masikioni akasema, "Mpigie mbili huyo, ametoka karashani, anaamini vyuma." Nikacheka nao. Kisha nikamwambia azipige pini vilevile. Akapiga mbili. Ziko kwenye bahasha ya kaki ndani ya mkoba wako, usizitenganishe mpaka ulazimike. Najua hazisaidii.

Kitu kilichonifanya nielewe maneno yako, kwamba hawana wenzao, ni jambo lililonipata kabla hujazaliwa. Nilikuwa nachimba kwenye duara moja, shimo la dhahabu, upande wa Kahama, enzi ambazo pale Buzwagi, kabla ya mgodi mkubwa, watu bado walikuwa wanalisha ng'ombe. Duara refu halishukwi kwa kamba moja. Katikati huchongwa mahali padogo ubavuni mwa mwamba, pa mtu mmoja kukaa. Unashushwa kwa kamba ya juu hadi hapo, unaifungua kiunoni, unaitikisa waivute, halafu unajifunga kamba ya chini. Kwenye duara letu kamba ya juu ilikuwa ya tajiri mmoja na ya chini ya tajiri mwingine, na watu wao hawakuwa wanasalimiana. Siku hiyo nikafungua, nikatikisa, wakaivuta. Nikapapasa kutafuta ya chini. Haikuwepo. Wa chini walikuwa wameishusha kwenda kufungia kitu chao.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wa juu walijua nimefika. Wa chini walijua sijaja bado. Kila upande ulikuwa sahihi. Nilikaa pale gizani mpaka zamu ilipobadilika, na hakuna mtu aliyenikosea. Hicho ndicho kilichonitisha baadaye, kwamba sikuwa na wa kumlaumu. Tangu hapo nikajiwekea sheria kwamba siifungui kamba ya kwanza kabla sijaishika ya pili. Imeniokoa mara nyingi. Nikafikiri hii ndiyo hekima nitakayompa mwanangu. Halafu nikaona haina kazi kwako. Ndege ya kwanza inakufungua yenyewe, utake usitake.

Sasa nije kwa jambo ambalo nimelizunguka tangu nianze kuandika.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Masista wa ile shule ya bweni upande wa Ushirombo walikuita ufanye mtihani wa kuingia. Mama yako alikuwa na mimba ya Masanja, hakuweza kusafiri. Tulipanga hivi: yeye akupandishe basi kijijini, akukabidhi kwa kondakta, mimi nitoke huku nikupokee Kahama saa nane mchana, tupande gari la pili pamoja. Uliteremka Kahama saa nane. Ulikaa kwenye benchi la stendi na kifurushi chako, na mimi sikutokea. Jioni ikapita. Mama mmoja muuza uji akakupa kanga yake ujifunike. Nilifika kesho yake saa tatu asubuhi, na mtihani ulikuwa umeanza saa mbili.

Nilikwambia nilishikwa na malaria kali, nikaanguka njiani, na simu ikazima. Ulinishika paji la uso kuona kama bado lina joto. Ukasema, "Sikuogopa, baba."

Sikuwa na malaria, Minza. Siku ile tulikuwa tunagawana mawe. Wewe hujawahi kuishi duarani, kwa hiyo nikueleze. Sisi hatulipwi mshahara. Tunachimba wiki hata miezi, na mawe yakitoka, mifuko inapangwa chini, inagawanywa mbele ya macho ya kila mtu. Usipokuwepo, lako halipo. Hakuna kumwachia mtu akupokelee, wala kuja kudai baadaye. Msimamizi alisema tungegawana saa nne asubuhi. Nikahesabu, nikaona nitapata muda wa kukimbia Kahama. Saa nne ikawa saa sita. Saa sita ikawa "subirini bosi anakuja." Kila saa nilisema, bado kidogo, mtoto atasubiri, ni mtoto mwenye akili. Mwenzangu mmoja, Mjita, aliniambia, "Nenda, bwana, mtoto si jiwe." Nikamwambia, "Wewe huna mtoto anayetakiwa ada." Niliyasema hayo, mayu. Nilikuwa nimekuacha stendi kwa ajili ya ada ya shule ambayo nilikuwa nakukosesha saa ileile.

Mawe yale tulipoyasaga hayakutoa kitu. Lakini hata kama yangetoa, lingekuwa kosa lilelile.

Mama yako anajua. Nilimwambia mwaka uleule, akasema, "Utamwambia mwenyewe." Amekaa nalo tangu siku hiyo. Ulipoteza mwaka mzima, ukaingia shule ya kata, ukatembea kilomita zile zote, na kila mtu akasifu bidii yako. Kila waliposifu nilitazama chini. Sikuombi unisamehe leo, kwa sababu najua utakubali haraka, na msamaha wa haraka ni haramu kwangu. Nataka tu ulijue kabla hujaenda mbali, usije ukalisikia kwenye msiba wangu.

Nilichojifunza si kikubwa. Sikuwa mtu mbaya siku ile. Nilikuwa mtu aliyepanga saa zake vizuri na akaamini mipango ya watu wengine itamheshimu. Watu wengi wanaowaumiza watoto wao wako hivyo, wanaume kwa wanawake. Ukiwa na wagonjwa wako huko, ukisema "narudi sasa hivi," basi rudi.

Ngoja. Simu inaita.

*

Ni saa saba na nusu. Nimekata simu sasa hivi.

Alikuwa Mama Injinia. Habari zote za tiketi zinakwenda kwake, kwa kuwa pointi ni zake. Amekupigia wewe mara nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Minza. Minza simpati."

"Simu yake imezima, huku umeme hakuna."

"Basi nisikilize wewe. Wale wa ndege ya kwanza wamebadilisha saa. Kesho wataondoka Dar saa tatu baadaye kuliko tulivyopanga. Zile saa tano za mtoto zimebaki mbili."

"Mbili zinatosha, mama?"

"Ndege ikitua kwa wakati, foleni ikiwa fupi, zinatosha. Ikiteleza kidogo tu, hazitoshi."

"Ndege ya pili haiwezi kuambiwa isubiri?"

"Hawaambiani, Baba Minza."

Nikauliza tufanyeje. Akasema kwa kuwa wao ndio waliobadilisha, wanamruhusu akuhamishe bila kuongeza pointi. Kiko kiti kimoja, cha leo. Unaondoka Mwanza jioni hii, Dar usiku, kesho asubuhi uko Uarabuni. Halafu unakaa humohumo ndani, bila kutoka, mchana kutwa na usiku kucha, mpaka ndege ya pili keshokutwa asubuhi.

"Peke yake?" nikauliza.

"Peke yake. Kuna taa, kuna maji, kuna vyoo, kuna walinzi. Viti ni vya chuma. Nimelala hapo mara nyingi." Akasema nimjibu sasa, maana kiti hicho mtu mwingine yeyote anaweza kukichukua.

Nikasema ngoja nimuulize mwenyewe. Nikampigia Mama Neema, hakupokea. Nikapiga tena. Nikatoka mpaka barabarani nikatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza mbuzi. Simu ikaita, ni Mama Injinia tena. "Baba Minza, leo au kesho?"

Kesho ilikuwa na wewe usiku mmoja zaidi. Kuku wa jioni yupo mlangoni, amefungwa mguu. Nilikuwa nimeshapanga nikae pale uani nikuangalie unakula, hata bila kusema lolote. Na saa mbili zinaweza kutosha, mama mwenyewe alisema zinaweza. Mtu angesema kesho na asingekuwa mwovu.

Nikasema, "Leo."

Akasema, "Haya," nikasikia anabonyeza bonyeza, kisha akasema, "Imekubali."

Basi ndiyo hivyo. Nimekuchagulia kulala kwenye kiti cha chuma, mahali ambapo sijui hata mlango wake unaangalia wapi, na sikukuuliza. Sijui kama nimefanya vizuri. Labda ndege ya kesho ingefika kwa wakati, na utakuwa umekaa kule siku nzima bure, ukiwa na njaa, ukiogopa kulala kwa ajili ya mkoba. Labda hata hii ya leo itaharibika. Nimejaribu kufikiri ni nani nimuulize, na hapa Katoro hakuna. Wote tulioko hapa tunajua kushuka chini tu.

Mama Neema amenipigia mwenyewe, amekasirika. "Unapiga simu kama mwenye msiba! Mwanao yuko chini ya mikono ya msusi, kichwa nusu."

"Mwambie aje."

"Na kichwa nusu?"

"Na kichwa nusu, Mama Neema. Aje sasa hivi."

Msimamizi nimemwambia natoka, amefoka, nimemwacha na mifuko yake. Mchomoko, gari dogo la abiria la kwenda Mwanza, umeshaingia hapa nje, dereva amekubali kutuchukua wawili na hapakii mtu mwingine. Kivuko siku hizi hakitucheleweshi, tunapita juu ya daraja, tutafika. Nitakusindikiza mpaka pale wanapoomba karatasi. Zaidi ya hapo sijui hata swali la kuuliza.

Hii barua nilitaka uikute Ujerumani. Sasa nitaiweka juu ya mkoba tukipita nyumbani kuuchukua, uisome ukiwa umekaa kule katikati. Muda utakuwa nao. Ukifika kwenye habari za Kahama, usiniandikie chochote siku hiyo. Niandikie neno moja tu ukishapanda ndege ya pili, hata kama ni usiku kwetu, hata kama ni "nimepanda" bila salamu.

Nakuona. Umetokea kwenye kona ya duka la vipuri, umefunga kitenge kichwani, unakimbia, Mama Neema anakufuata nyuma ameshika viatu mkononi. Unacheka. Unadhani umeme umerudi na nimekuitia kitu cha kuchekesha.

Ng'wanone, mwanangu, ngoja nisimame nikwambie.

Baba yako